Kati ya "Hajawa" na "Amekuwa": Tunasomaje Subira katika Kitabu cha Jan Morris?

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa somo la tafsiri zoezi ambalo tulidhani ni jepesi. Tuliwaeleza habari za kitabu cha Jan Morris kiitwacho Conundrum, tukawasomea baadhi ya kurasa zake, kisha tukawataka waandike muhtasari wa sentensi 5 kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja, tena miongoni mwa wale hodari, aliandika hivi: "Morris alizaliwa mwanamume. Akaoa, akapata watoto. Akameza vidonge. Akaenda Moroko, akapasuliwa. Akawa mwanamke."

Tulisahihisha kazi hiyo kwa kalamu nyekundu na hatukuona kosa. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa, tahajia ilikuwa sawa, na kiambishi -ka- kilitumika jinsi vitabu vya sarufi vinavyofundisha, yaani kufululiza matukio yanayofuatana katika wakati uliopita. Tukampa alama 9 kati ya 10.

Usiku ule tulikifungua tena kitabu chenyewe, na tukaona haya kidogo. Maneno "akameza vidonge" ni mawili tu, hali kazi yenyewe ilimchukua Morris miaka 8. Hata hiyo ilitanguliwa na miaka mingi zaidi ya kungoja. Mwanafunzi wetu hakukosea sarufi, lakini muhtasari wake haukuwa wa kweli. Nasi walimu tulimpigia tiki.

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kitabu hicho kwa upande mmoja tu, nao ni namna kinavyosawiri mabadiliko ya mwili yanayokwenda polepole na subira inayotakiwa kwa mtu anayeyangoja. Aidha, tutaeleza kwa nini tunaona kwamba Kiswahili kina zana za kulisema jambo hili ambazo Kiingereza, lugha ya kitabu, hakina. Tunafahamu kuwa katika nchi zetu habari za mtu kubadili jinsia ni habari nzito, na kwamba dini, mila na sheria zina kauli zake. Baadhi ya wenzetu idarani walituuliza kwa nini tusichague kitabu kingine. Jibu letu ni kwamba mhakiki hachagui kitabu kwa kuwa anakubaliana nacho. Anakichagua kwa kuwa kina jambo la kumfundisha, na hiki kilitufundisha.

Mwandishi na kitabu chake

Jan Morris alizaliwa mwaka 1926 huko Clevedon, Uingereza, akapewa jina la James. Alisoma katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu la Christ Church mjini Oxford, akatumikia jeshi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1953 aliandamana na msafara wa kupanda mlima Everest kwa niaba ya gazeti la The Times, na habari yake ya ushindi wa Edmund Hillary na Tenzing Norgay ilichapishwa London tarehe 2 Juni, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Baada ya hapo aliandika vitabu vingi vya safari na historia. Wasomaji wetu wenye hamu na habari za Omani huenda wakakijua kile cha mwaka 1957 kinachosimulia safari aliyoifanya pamoja na Sultani Said bin Taimur kutoka Dhofari kwenda kaskazini mwishoni mwa mwaka 1955.

Mwaka 1949 Morris alimwoa Elizabeth Tuckniss, wakazaa watoto 5, mmoja akafa angali mchanga. Mwaka 1964 alianza kutumia homoni za kike. Mwaka 1972 alipasuliwa mjini Casablanca na Daktari Georges Burou, kwa sababu madaktari wa Uingereza walitaka kwanza atalikiane na mkewe, naye hakuwa tayari kwa hilo wakati ule. Baadaye talaka ilipita kwa mujibu wa sheria, lakini wawili hao waliendelea kukaa nyumba moja, na mwaka 2008 wakasajili muungano wao upya. Morris alifariki Wales mwezi wa Novemba 2020 akiwa na umri wa miaka 94.

Conundrum kilitoka mwaka 1974. Ni tawasifu, kwa hiyo msimulizi ni nafsi ya kwanza. Kinaanzia chini ya piano ya mama yake, ambapo mtoto wa miaka 3 au 4 anatambua, kwa maelezo yake, kwamba amezaliwa katika mwili usio wake. Kinapita kanisani Oxford, ambako mtoto huyo anatumia kimya cha baada ya sala kuomba kila mara jambo lile lile moja. Kinapita jeshini, mlimani na katika ndoa. Kisha kinafika kwenye sura ambazo kwetu ndizo moyo wa kitabu, yaani zile za miaka ya vidonge.

Mwendo wa homoni

Kabla ya kuhukumu fani ni lazima mhakiki aelewe jambo linalosimuliwa. Homoni ni kemikali zinazotolewa na tezi za mwili na kupelekwa na damu kutoa maagizo kwa viungo vingine. Agizo hufika upesi lakini kazi hufanyika taratibu, kwa kuwa ni kazi ya ujenzi. Mtu anayetumia estrojeni, kama Morris, huweza kuona ngozi ikianza kulainika na matiti yakianza kuota baada ya miezi 3 hadi 6. Hata hivyo, ukuaji huo hufikia kikomo chake baada ya miaka 2 au 3. Mafuta ya mwili nayo huhama polepole kutoka mahali pamoja hadi pengine. Ndevu zilizokwisha kuota hazitoki, bali hupunguza kasi tu. Sauti iliyokwisha kuvunjika hairudi kuwa nyembamba, na mifupa haifupiki. Kwa mtu anayetumia testosteroni, sauti huanza kuwa nzito ndani ya mwaka wa kwanza, lakini ndevu huenda zikachukua miaka 4 au 5 kujaa.

Tunaandika haya kwa sababu wanafunzi wengi darasani walidhani homoni ni kama dawa ya malaria, kwamba mtu akimaliza dozi basi amekwisha. Tuliwakumbusha ubalehe wao wenyewe. Hakuna kijana aliyelala Jumatatu bila ndevu akaamka Ijumaa nazo. Hakuna msichana aliyejiangalia kiooni kila asubuhi akaona tofauti ya jana na leo. Anayeona ni shangazi aliyekuja kutoka mbali baada ya mwaka mzima, akasimama mlangoni na kusema, "Jamani, umekua!" Mwenye mwili ndiye wa mwisho kujua. Tena kuongeza vidonge hakuharakishi ujenzi huo, bali huongeza hatari ya damu kuganda, hasa kwa zile aina za zamani ambazo watu wa kizazi cha Morris walitumia. Methali isemayo haraka haraka haina baraka inapata hapa maana ya kitabibu kabisa.

Morris mwenyewe anakadiria kuwa alimeza vidonge visivyopungua 12,000. Anaeleza, kwa mzaha kidogo, kwamba baadhi yake vilitengenezwa Kanada kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Tunapenda mzaha huo kwa sababu unaipa subira uso wa kila siku. Msomaji haoni muujiza, anaona mtu mwenye kikombe cha maji asubuhi na kidonge, kesho tena, na kesho kutwa tena. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tumeizoea sana methali hii hata tumesahau kuishangaa. Ukitazama kamba siku moja huoni kitu, na ukitazama jiwe siku moja huoni kitu. Mwenye kuteka maji ndiye anayejua.

Fani: wakati ndani ya sentensi

Sasa tuje kwenye fani. Tatizo la mwandishi yeyote anayesimulia badiliko la polepole ni kwamba hadithi hupenda matukio, na hapa hakuna tukio. Kati ya mwaka 1964 na 1972 hakuna siku moja ambayo Morris anaweza kusema, "Siku hii ndipo." Anafanya nini basi?

Kwanza, anaacha kusimulia kwa mfuatano na badala yake anakusanya vijipicha. Tunamwona katika uwanja wa ndege wa Kennedy, New York, akiwa amevaa suruali ya jinzi na sweta, akiwakaribia askari wa ukaguzi bila kujua kama watampeleka upande wa wanaume au wa wanawake, naye amejiandaa kwa lolote. Tunamwona London, ambako anajulikana kama mwanamume katika klabu moja na kama mwanamke katika nyingine, akitembea kutoka hii hadi ile kama jasusi, bawabu wa kwanza akimuaga kwa heshima ya kiume na wa pili akimkaribisha kwa heshima ya kike. Tunamwona peke yake akioga katika ziwa la milimani huko Wales, mwili wake ukiwa si huu wala ule, na yeye mwenyewe akiushangaa. Vijipicha hivi havina tarehe. Tunaona kwamba kukosa tarehe huku ni hila ya makusudi, maana mtu aliye katikati ya badiliko refu hana kalenda ya kumsaidia.

Pili, anaeleza badiliko la ndani sambamba na la nje. Anasema alihisi kama ganda gumu linabanduka, lile ambalo mwanamume huvikwa ili asiumizwe na dunia, na kwamba baada ya hapo alihisi jua, baridi na maneno ya watu kwa ukali zaidi. Hii ni sehemu yenye nguvu, kwa kuwa inaonyesha kuwa subira yake ilikuwa pia ya kuzoea kuumia upya, mbali na kule kungoja umbo.

Hapa ndipo tunaporudi kwa mwanafunzi wetu na kiambishi chake. Kiambishi -ka- ni mtoto mpendwa wa hadithi zetu. Sungura akaenda, akamkuta fisi, akamwambia. Kila -ka- hufunga mlango wa tendo lililotangulia. Hakiruhusu matendo mawili kuwa wazi kwa pamoja, wala hakiruhusu tendo kukaa nusu. Mwanafunzi aliposema "akameza vidonge, akaenda Moroko, akawa mwanamke", alifunga milango mitatu kwa kishindo, na miaka ikabaki nje.

Lakini Kiswahili kina kiambishi kingine ambacho tunakifundisha upesi upesi katika muhula wa kwanza na kukisahau, nacho ni -ja-. Tunawaambia wanafunzi kwamba "hajafika" ni ukanushi wa "amefika", na somo linaishia hapo. Si kweli kwamba hilo linatosha. "Hakufika" na "hajafika" zina tofauti kubwa. Anayesema "hakufika" amekwisha kunyanyuka kitini. Anayesema "hajafika" bado ameacha chakula mezani, kimefunikwa. Ndani ya silabi hiyo moja mna kungoja, mna tumaini, na mna kukiri kwamba jambo lenyewe halipo kwa sasa. Kiingereza hulazimika kuongeza neno zima ili kulisema hilo, na neno hilo linaweza kuachwa. Sisi hatuwezi kuliacha, kwa sababu limo ndani ya kitenzi.

Wanafunzi wetu wa hapa hawana udhuru wa kutolielewa hili. Wanaozungumza Kiganda wanacho kiambishi -nna- kinachofanya kazi hiyo hiyo, na wanaozungumza Kinyarwanda wanacho -ra- katika ukanushi. Mama zao waliwafundisha tofauti ya "hakuja" na "hajaja" kabla hawajaenda shule. Kwa hiyo mfasiri wa sura zile za katikati anayo zana tayari. Morris wa mwaka 1966 "hajawa". Morris wa mwaka 1970 "hajawa", lakini "anaendelea kuwa". Kumwandika kwa "hakuwa" ni kumkatia tamaa kabla ya wakati, na kumwandika kwa "akawa" ni kumharakisha.

Liko jambo jingine ambalo lilitushangaza zaidi. Neno "amekuwa" lina maana mbili. Tukisema "Juma amekuwa mwalimu", tunaweza kumaanisha kwamba sasa amepata ualimu. Tukisema "Juma amekuwa mwalimu tangu zamani", tunamaanisha kwamba hali hiyo imekuwapo muda wote. Kitabu kizima cha Morris kinavutana kati ya maana hizi mbili. Kwa upande mmoja anasimulia jinsi alivyofikia kuwa mwanamke kwa vidonge na kisu. Kwa upande mwingine anashikilia kwamba alikuwa hivyo tangu chini ya piano. Katika lugha yake ilimbidi atumie sentensi nyingi kushikilia madai yote mawili. Kwa Kiswahili "amekuwa mwanamke" yaweza kuyabeba yote kwa mkupuo, na msomaji akaachiwa apime. Hatujui neno jingine la tafsiri lililowahi kutupa furaha ya namna hiyo.

Msamiati: ni nani atendaye?

Wanafunzi walibishana sana kuhusu maneno, na ubishi huo ulikuwa na manufaa. Wengine walitaka kumwita Morris "huntha". Tulikataa, kwa kuwa neno hilo humhusu mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri ya upande mmoja, na Morris hakuzaliwa hivyo. Wengine waliandika "alibadilishwa jinsia", wengine "alibadili", wengine "alijibadilisha", na wachache "alibadilika".

Viambishi vya unyambuaji vinatulazimisha tuseme ni nani mtenda. "Alibadilishwa" humweka daktari mbele na kumlaza Morris juu ya kitanda cha hospitali, nalo ni tendo la siku moja. "Alijibadilisha" humpa Morris nguvu ambayo yeye mwenyewe hadai kuwa nayo, maana anasisitiza kuwa hakuchagua. "Alibadilika", kwa kauli ya kutendeka, huacha badiliko lijiendee lenyewe kama embe linaloiva. Tunapendekeza mfasiri atumie "kubadilika" kwa miaka ya homoni na "kupasuliwa" kwa siku ya Casablanca. Asichanganye vitu hivi viwili kwa kuvifunika kwa kitenzi kimoja. Wengi wakisikia habari za watu hawa huuliza habari za kisu tu, hali kisu kilikuja mwisho wa safari, na kwa wengine hakiji kabisa.

Kuhusu viwakilishi hatuna la kuhangaikia. Wahakiki wa Kiingereza hutumia wino mwingi kuamua kama wamwite Morris wa kabla ya mwaka 1972 kwa kiwakilishi cha kiume au cha kike. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, husema "yeye" na "a-" kwa wote. Msomaji wa makala haya ameshasoma aya nyingi bila kujikwaa. Hata hivyo, tusijisifu mno. Lugha isiyotofautisha jinsi katika viwakilishi bado yaweza kumtukana mtu kwa majina, na tunayajua majina hayo.

Na jina la kitabu je? Mapendekezo yalikuwa matatu: Kitendawili, Fumbo na Mtanziko. Wengi walipenda Kitendawili kwa sababu ya utani wake. Sisi tunaona tofauti. Kitendawili kina jibu moja ambalo mtegaji analijua, na asiyelijua hudaiwa mji, kisha mchezo umekwisha. Morris hana jibu la kutoa. Anasema wazi kwamba hajui chanzo cha hali yake. Mtanziko nao ni hali ya kusimama katika njia panda, lakini Morris, kwa maelezo yake, hakuona njia ya pili. Fumbo ndilo linalofaa, kwa kuwa hufumbuliwa kidogo kidogo na huweza kubaki na sehemu isiyofumbuka.

Udhaifu wa kitabu

Kitabu hiki kina kasoro, na haitakuwa haki kuzificha. Kasoro ya kwanza na kubwa inaanza pale subira inapokwisha. Baada ya Casablanca mwandishi anabadili mwendo. Mtu aliyetumia kurasa nyingi kueleza jinsi mwili unavyokwenda hatua kwa hatua, sasa anatangaza kwa haraka wanawake ni watu wa namna gani. Anaeleza kwamba alipoanza kuchukuliwa kama mwanamke, watu wakidhani hawezi kurudisha gari nyuma au kufungua chupa, alijikuta kweli anashindwa. Anaonekana kufurahia kusaidiwa mizigo na kusifiwa sura. Waandishi wanawake wa wakati ule, miongoni mwao Rebecca West na Nora Ephron, walikipokea kitabu kwa shaka, na Ephron alimkejeli kwa picha hiyo ya uanamke wa zamani. Tunakubaliana nao kwa sehemu. Mwanamke wa soko la Owino anayebeba gunia la viazi mgongoni angecheka kusikia kwamba kushindwa kufungua chupa ni sehemu ya uanamke.

Lakini tunaona kwamba wahakiki hao waliikosoa sura ya mwisho wakaiacha ya katikati. Kosa la Morris hapa ni la haraka. Mwili wake ulipewa miaka 8, lakini fikra zake kuhusu wanawake alizipa miaka 2 tu kati ya upasuaji na kuchapishwa kwa kitabu. Kama angengoja, huenda angeandika kwa tahadhari zaidi. Mvumilivu hula mbivu, na kurasa zile zilichumwa mbichi.

Kasoro ya pili ni kwamba subira inayosimuliwa ni ya mtu mmoja, ingawa waliosubiri walikuwa wengi. Elizabeth aliishi miaka yote hiyo ndani ya nyumba ile ile, akiutazama mwili wa mumewe ukiondoka taratibu. Hakuwa na kidonge cha kumeza wala siku ya kuhesabu. Mwandishi anamsifu sana, lakini sifa si sauti. Msomaji anafunga kitabu bila kujua Elizabeth aliwaza nini usiku. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa haikuulizwa.

Kasoro ya tatu ni ya nafasi. Morris alikuwa na jina, kipato, marafiki na pasipoti. Aliweza kumwona Daktari Harry Benjamin huko New York, na aliweza kupanda ndege kwenda Moroko. Subira ya mtu mwenye uwezo hulindwa na uwezo wake. Methali zetu zinalijua hili, ndiyo maana hazikukubaliana. Moja husema subira yavuta heri, nyingine hujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi akituuliza ipi ni ya kweli, tunamjibu aulize kwanza ni nani anayengoja, na anangojea wapi. Kumwambia mtu "subiri" hali anasubiri homoni zifanye kazi ni nasaha. Kumwambia "subiri" hali hana daktari wala mahali salama pa kukaa ni namna ya kumnyamazisha. Conundrum hakifiki huko.

Hitimisho

Pamoja na kasoro hizo, tunakihesabu kitabu hiki kuwa miongoni mwa vile vinavyofaa kuletwa katika darasa la tafsiri, hasa sura za katikati. Thamani yake kwetu si kwamba kinatushawishi kuhusu jambo lolote. Ni kwamba kinatulazimisha kuuliza kama vitenzi vyetu vinasema ukweli kuhusu muda. Mgonjwa anayepona polepole, mtoto anayechelewa kusema, mkimbizi anayesubiri karatasi zake, mtu ambaye mwili wake unabadilika kwa mwendo wa kucha zinavyokua, wote hawa huharibiwa habari zao na msimulizi mwenye haraka ya kufika "akawa".

Tulimwita mwanafunzi wetu ofisini, tukamwomba radhi kwa ile tiki, tukamtaka aandike upya. Alituuliza kama sheria ya sentensi 5 bado ipo. Tukamwambia ipo. Aliporudi baada ya siku 2 alikuwa ameandika sentensi 9. Ndani yake "hajawa" imetokea mara 3, "amekuwa" mara 1 mwishoni, na -ka- hakuna hata moja. Tulimkata alama 1 kwa kuvunja sheria, akabaki na 9 zile zile. Hakulalamika, na sisi hatukuona haya safari hii.

Tunawaalika walimu wenzetu wajaribu zoezi hili na habari yoyote ya badiliko refu, kisha watuletee waliyoyaona ili yachapishwe katika toleo lijalo.